Mkaguzi wa Mtaa wa Sikukuu

Mkaguzi wa programu ya wazi ya maduka, ile ambayo yeyote anaweza kutuma marekebisho yake, ghorofani Mtaa wa Sikukuu, hufuta kioo cha kompyuta kwa pindo la mtandio kabla ya kusoma kazi ya mtu. Akisoma, midomo humchezacheza na ukucha wenye hina hushuka mstari kwa mstari. Jana alisoma marekebisho ya kwanza ya mchangiaji mpya, Husna, aliyekaa pembeni akiomba kimoyomoyo yasikataliwe. Ukucha ukasimama. “Mdogo wangu, umeniletea kontena zima. Mzigo wenyewe uko wapi?” Husna alikuwa ametuma na faili la mipangilio, lile ambalo kompyuta hulitengeneza yenyewe kila programu inapojengwa. “Nilidhani lazima liende lote, dada.” “Liache. Kila mashine itatengeneza la kwake. Hili likifika kwa wenzako litagongana na ya kwao.”

Akaliondoa. Ikabaki mistari mitatu aliyoiandika Husna mwenyewe, naye akainamisha uso, maana wingi ule wa mistari ndio uliokuwa umempa moyo. Mkaguzi akashika tena pindo la mtandio, akafuta kioo upya. “Haya, sasa nakusoma wewe.” Midomo ikacheza. Ukucha ulipofika mstari wa tatu, ukabonyeza kitufe cha kupokea.