Wiki Saba Bila Jina

Kitukuu wangu wa kwanza alikaa wiki saba bila jina, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi.

Kwetu Wusi, huku milimani kwa Wadawida, mtoto hapewi jina la kuokota. Mtoto anamrudisha mtu aliyetangulia, kwa kuchukua jina lake. Mjukuu wangu anauza dukani huko Voi, na alipojifungua msichana alinipigia simu siku hiyo hiyo. Akasema huyu anamrudisha mama yangu mzazi, kwa hivyo nimwambie jina lake la nyumbani. Lile la ubatizo kila mtu analijua, liko kwenye kitabu cha misheni kule Bura. La nyumbani lilikuwa limebaki kwangu peke yangu, maana ndugu zangu wote wametangulia.

Nikafungua mdomo nilitaje. Hapakuwa na kitu.

Sasa, mtu asiyenijua hawezi kuelewa jambo hilo lilivyonishtua. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Yale ambayo wengine wanaandika, mimi nayaweka kichwani. Kwenye matanga mimi ndiye ninayeitwa kueleza nani ni wa nani. Wajukuu walikuwa wakinicheka, wanasema serikali ikitaka kuhesabu watu wa Wusi isihangaike kupanda milima, ije ikae jikoni kwangu inywe chai. Humu sitataja jina la mtu, kwa sababu mengine si yangu ya kuyatoa. Lakini msidhani siyajui.

Ilikuwa ni korona. Nilikuwa nimelala hospitali siku nyingi nikivutishwa hewa kwa mpira wa puani, na wauguzi waliokuwa wamejifunika uso hadi machoni walinigeuza na kunilisha uji kama mtoto. Hata leo ningekutana nao njiani nisingewatambua, nao ndio watu pekee wanaonidai shukrani nami sijui majina yao. Nawaombea hivyo hivyo, Mungu anawajua.

Nikatoka. Karatasi ilisema nimepona. Lakini kutoka jikoni hadi kwa kuku moyo ulinienda mbio kama niliyebeba gunia la viazi. Nywele zilibaki kwenye kitana. Siku moja kimanga kiliungua nikiwa nimekaa kando ya sufuria, mhogo na maharagwe vyote vikawa makaa, nami sisikii harufu yoyote mpaka jirani akaja mbio kutoka ng'ambo ya bonde akidhani nyumba inateketea.

Halafu majina yakaanza kuondoka. Nilimwita mke wa mwanangu kwa jina la mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikufa zamani. Akaniambia, "Si kitu, mama. Angalau yule alikuwa na maziwa." Tukacheka sana. Lakini alipogeuka kuosha vyombo nilikaa nikiangalia mikono yangu.

Kwa hiyo mjukuu aliponiuliza jina la mama yangu, nilidanganya. Nilimwambia jina la namna hiyo halitajwi kwenye simu, litatajwa nikiwa na nguvu, hapa hapa nyumbani. Mila hiyo niliitunga pale pale, simu ikiwa sikioni. Yeye akafurahi, akaona nyanya yake anashika mambo ya wazee. Akamwambia mama mkwe wake, mama mkwe akaambia kanisa, na kila mtu akasema Wadawida wana heshima. Na kwenye kitabu cha kliniki mtoto akabaki ameandikwa "mtoto wa" na jina la mama yake.

Wiki hiyo hiyo nilipokwenda kliniki ya mapafu nilimweleza daktari kijana wa kike kila kitu, hata habari ya mbuzi. Hakucheka. Akasema korona imeacha watu wengi hivyo, pumzi fupi na kichwa chenye ukungu, na kwamba si wazimu. Akanishauri nitembee kila siku, ila kwa kiasi. "Choka nusu, nyanya," akasema, "halafu urudi nyumbani."

Maisha yangu yote sijawahi kuambiwa nichoke nusu. Kwetu unachoka mpaka kazi iishe. Lakini nilimtii.

Njia ya kwangu inapanda hadi kwenye kisima, na juu ya kisima ndipo ilikuwa nyumba ya mama. Wiki ya kwanza nilifika langoni. Ya pili nilifika nyumba ya kwanza, nikakaa kwenye jiwe, na pale jiweni, bila kulitafuta, jina la mwenye nyumba likanijia, na la mkewe, na la watoto wao wote kwa mpangilio. Wiki iliyofuata nilifika nyumba ya pili, ikawa vilevile.

Hapo nikaelewa. Tulipokuwa wadogo mama alitutuma maji, na ilikuwa lazima kusalimu kila nyumba kwa jina la mwenyewe hata kama hayupo. Ukisalimu mlango mtupu, alisema, mlango utamwambia akirudi. Basi majina yangu yalikuwa yamekaa njiani miaka yote hiyo. Nilichokosa ni pumzi ya kwenda kuyachukua.

Wiki ya saba nilifika juu. Nyumba imebaki mawe ya msingi tu, katikati pamepandwa mahindi. Nikakaa kwenye jiwe la mlangoni nikangoja. Nikasalimu. Jina la mama halikuja. Sikulia, pumzi ya kulia sikuwa nayo. Nikaanza kushuka nikifikiri nitamwambia mjukuu atumie tu lile la misheni.

Pale kisimani alikuwa ameketi mama mmoja mzee kuliko mimi. Miaka mingi hatukuwa na maneno mazuri, sababu ya mfereji wa maji ya shamba. Na siku hizi yeye hashuki kwa ajili ya magoti, nami nilikuwa sipandi kwa ajili ya pumzi. Huko chini mimi ni nyanya kwa kila mtu. Kwake yeye mimi bado ni msichana. Hakugeuka hata kuniangalia. Akaniita kama walivyoita watu wa zamani, mwana wa fulani, na pale pa fulani akatia jina la nyumbani la mama yangu.

"Nilisikia umekufa," akasema.

"Nilirudi."

"Ulirudi na mfereji bado mmeuziba?"

Nikamwomba aniite tena. Akasema kumbe na masikio yameenda. Akaniita tena, nami nikamwomba mara ya tatu, mpaka akageuka akaona uso wangu. Basi akasogea, akanipa nafasi kwenye jiwe lake.

Nilimpigia mjukuu simu hapo hapo, nikamwambia ukweli wote. Nilidhani atakasirika.

"Nyanya," akasema, "mama mkwe ameshaeleza kanisa zima ile mila."

Basi tukaifanya iwe ya kweli. Wakaja na mtoto, tukapanda wote hadi kisimani, mimi nikipumzika mara mbili na kila mtu akiningoja. Jina sikulitaja mimi. Nilimwachia yule wa kisimani, kwa kuwa ndiye aliyelitunza bila kujua. Akalitamka juu ya mtoto, kisha akamkagua kutoka kichwani hadi miguuni.

"Huyu," akasema, "bado hajaziba mfereji wa mtu."

Harufu haijarudi. Wakisema mtoto ananukia maziwa, mimi nawaamini. Na mfereji mwanangu aliuzibua Jumatatu.