Nyumba ya wageni anayolala Koko Ruth

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Juni bado umefunika migomba magharibi mwa Mlima Meru. Naipanoi Solomoni, mwenye umri wa miaka 47, amepiga magoti kando ya mafiga. Anachukua kijinga cha mti wa oloirien, anakitia ndani ya kibuyu, anakizungusha taratibu, kisha anakung'uta majivu. Hivyo ndivyo Waarusha wanavyosafisha vibuyu vya maziwa. Maziwa ya mgando yaliyomo kwenye kibuyu kingine atayachanganya na mahindi kupata loshoro, chakula cha wageni wake wa mchana.

Chakula hakimpi wasiwasi. "Leo anakuja Reginald," anasema bila kuinua macho. "Anataka jibu."

Reginald Mmasi ni mratibu wa safari katika kampuni moja ya utalii mjini Arusha, na ndiye anayeleta wageni wengi katika kitongoji hiki. Jibu analolitaka linahusu nyumba ya msonge iliyo mbele ya jiko la Naipanoi, na bibi anayelala ndani yake.

Bibi huyo ni mama mkwe wake, Ruth, ambaye kitongoji kizima kinamwita Koko, yaani bibi. Familia inakadiria kuwa ana miaka themanini na kidogo. Kampuni inataka siku za wageni akae kwa mwanawe, katika nyumba ya bati, toka asubuhi mpaka jioni. Naipanoi akikataa, kuanzia Julai wageni watapelekwa kijiji kingine.

Kwa familia hii hilo si jambo dogo. Miaka michache iliyopita Naipanoi na mumewe waliuza kahawa kwa zaidi ya shilingi elfu moja kwa kilo. Msimu uliopita wa 2001, mnunuzi binafsi aliyefika na lori hakutoa hata mia tano. Nusu ya mibuni wameing'oa. Ada ya Irine, binti yao wa mwisho anayesoma kidato cha tatu, inatokana na shilingi elfu mbili anazolipa kila mgeni anayekula hapa.

Nyumba za msonge zilijengwa tatu mwaka 1999, baada ya kampuni kulalamika kuwa mabati hayapendezi kwenye picha. Kikundi cha akina mama kilikata nyasi, kikakandika udongo, na makubaliano yalikuwa kwamba zitabaki wazi kwa ajili ya wageni.

Mbili zilibaki wazi. Ya tatu haikumaliza wiki.

"Udongo ulipokauka tu, nikamwona anapita na ngozi yake ya kulalia," Naipanoi anakumbuka. "Nikamwambia, Koko, hiyo ni ya wageni. Akanijibu, na mimi nimekuja duniani kutembea."

Koko mwenyewe ana maelezo mafupi zaidi. "Bati likinyeshewa ni kama watu wanagombana juu ya kichwa changu. Wazungu wanapita. Mimi nalala."

Oktoba mwaka jana, baada ya mashambulizi ya Septemba kule Marekani, wageni waliacha kuja, na mpaka Machi hakuonekana hata mmoja. Hakuna aliyewasha moto katika zile nyumba mbili. Nyasi zikashika unyevu, mchwa wakapanda kwenye nguzo, na mvua za masika zikaangusha paa zote mbili ndani ya mwezi mmoja. Nyumba ya Koko, ambamo moto unawaka kila siku, haikuvuja. Ndani, dari yake ni nyeusi kwa masizi na kavu kabisa.

Saa tano Reginald anafika na wageni wawili, mama na binti yake kutoka Uholanzi. Lemburis, kijana wa hapa anayewaongoza, amekwisha kuwafundisha kuinamisha kichwa kwa mtu mzima. Wanainama mlangoni. Koko anawagusa utosini, mmoja mmoja, na kuwakaribisha.

Swali lake la kwanza kwa mgeni mkubwa ni lile analowauliza wote. "Mama yako yupo?"

Yupo, Lemburis anatafsiri. Anaishi katika nyumba ya wazee.

"Nani anamwashia moto?"

Mgeni anafikiri. Anasema wapo wauguzi. Koko anavuta kigoda chake mwenyewe karibu na mafiga na kumpa akae hapo.

Nje, Reginald anatazama saa.

"Unaona sasa, mama? Robo tatu ya saa imepita. Watachelewa hotelini."

"Wameomba kutoka?" Naipanoi anauliza.

"Hawajaomba."

"Basi aliyechelewa ni nani?"

Reginald anacheka kidogo. "Mimi nimetumwa tu, mama yangu. Kundi la Julai lina watu kumi na wawili. Wote hawawezi kukaa humo wakimsikiliza bibi."

Naipanoi anamchukua mpaka penye yale magofu mawili na kunyoosha kidole. "Humu hakukuwa na bibi wa kuchelewesha watu."

Kisha anatoa jibu. Koko hatahama, hata kwa siku moja. Zile nyumba mbili zitajengwa upya, na zitalaliwa. Mama Oscar na Mama Bariki, wajane wa kitongoji hiki, wamekubali mbele ya kikundi Jumapili baada ya ibada. Wageni kumi na wawili watagawanywa wanne wanne, kila kundi kwa mwenyeji wake.

Reginald anazunguka magofu, anapima kwa macho. "Nitawafikishia," anasema. "Siahidi."

Anapopita kuaga, Koko anamwita kutoka ndani. "We kijana wa Kilimanjaro! Bibi yako wewe analala wapi?"

"Kwake, Koko."

"Na wageni wakija mnamtoa?"

"Hapana, Koko."

"Haya. Nenda salama. Umekonda, waambie hao waliokutuma wakulishe."

Mpaka habari hii inaandikwa, kampuni haijajibu. Naipanoi anasema ikikataa atashuka mjini mwenyewe. "Siku hizi kampuni za utalii ni nyingi kuliko maduka ya vitambaa. Nitabisha hodi mpaka nipate inayokubali watu wanaoishi."

Nyasi zimekwisha kukatwa. Ujenzi unaanza Jumatatu, ingawa mahali pa milango pamebadilishwa. Zamani nyumba zote zilitazama njia wanayoingilia wageni. Mama Oscar ameomba mlango wake utazamane na wa Koko, ili kila alfajiri mmoja aone moshi wa mwenzake na kujua kwamba ameamka.