Chenga kwenye Kioo

Kaka yangu alivuka Ruvuma kwenda kupigana. Vita vikaisha, wenzake wakarudi kupitia Mahurunga, yeye hakurudi, wala hakuna aliyemwona akifa. Baba akaamua Ijumaa tumsomee hitima. Mama alisema tu, "Hitima ya mtu ambaye hata sijamlilia?"

Jumanne mimi na mama tulipeleka muhogo Shangani ya hapa kwetu, kwa karani wa bandari aliyekuja na televisheni kutoka Unguja. Huku kwetu matangazo hayafiki. Akaiwasha vivyo hivyo, kioo kikajaa vidoa vyeupe vinavyochemka.

"Hizo ni chenga," alituambia. "Antena haijapata mawimbi."

Mkewe akacheka. "Mume wangu kaninunulia ungo wa umeme."

Karani anapenda kufundisha. Akasema hata Unguja, wimbi likigonga jengo huchelewa, basi mtu huonekana mara mbili: mwenyewe, na mwingine hafifu pembeni yake. "Huyo wa pili tunamwita mzuka."

Mama akaweka kikapu chini. "Aliyechelewa ndiye mzuka?"

"Ndiyo, mama. Lakini ni mtu yuleyule."

Nikajua kinachofuata. Mama alininong'oneza nimwombe karani aigeuze antena, iangalie mtoni alikovukia kaka. Mimi mbele ya watu sauti hunikauka, na fizikia ninayosoma inaniambia upande ule hakuna kituo cha kuturushia picha. Nikaomba hivyo hivyo, macho kwenye vidole vya miguu. Karani alinitazama, akatoka kuuzungusha mti wa antena.

Mama alisogea mpaka uso wake ukawa mweupe kwa mwanga ule. Chenga zilichemka, zikasongamana. Naandika nilichokiona: bega, kama la mtu anayepita. Kisha chenga tena.

"Umemwona?" mama akauliza.

"Nimeona mtu."

"Hata mimi. Si mwanangu. Yeye angegeuka."

Akajifunga khanga, akachukua kikapu. Njiani alisema nimwambie baba kuwa Ijumaa tutapika.

Alhamisi alikuwa uani akipepeta mchele wa hitima. Chenga zilikusanyika ukingoni mwa ungo, zikiruka na kutulia. Mara akaacha kutikisa, akaziinamia, hapepesi macho.

"Mama, unatafuta nini?"

"Mawe."

Mchele ule nilikuwa nimeshauchagua mwenyewe asubuhi. Nikachuchumaa kando yake, nami nikatazama.