Joho Lililoshikizwa Makwapani

Fundi wetu wa cherehani alikaa kiti cha nyuma kanisani miaka miwili, karibu na mlango, pale wanapokaa waliozuiwa meza ya Bwana. Kitambaa cha meza hiyo kilikuwa kimepotea, na Mama Kwaya, kiongozi wa waimbaji, alisimama mbele ya kanisa akasema amemwona Fundi akikikata kushonea gauni la mtoto. Fundi aliapa hadi sauti ikamkauka. Nani amsikilize? Mwenye mkasi ni yeye.

Katikati ya miaka hiyo mama yake mzazi akafariki, na aibu ilimmaliza kuliko ugonjwa. Neno la mwisho alilomwambia bintiye ni, "Mwanangu, ungekirudisha tu."

Neno hilo Fundi alilimeza, halikushuka. Hata aliporudishwa mezani, mimi jirani yake nilikuwa nasikia ukutani akimwombea Mama Kwaya, na hayakuwa maombi ya baraka.

Mwezi uliopita Mama Kwaya akaja kushonesha joho jipya. Nilikuwepo, nangojea sketi yangu. Fundi alikuwa anampima shingo, ndipo yule akasema kwa sauti ndogo, "Dada, kile kitambaa nilikiunguza mimi kwa pasi. Nikaogopa, nikakitupa jalalani. Nisamehe."

Futi ilikuwa bado imemzunguka shingo. Niliona vidole vya Fundi vinakaza.

"Ulinisema wapi?"

"Mbele ya kanisa."

"Na radhi unaniomba wapi?"

"Si tuko wenyewe, dada. Mungu anatosha."

"Mungu hakukaa kiti cha nyuma. Geuka nikupime mgongo."

Alipoondoka, Fundi akacheka peke yake. Joho alilishona likapendeza, ila makwapani alilishikiza tu kwa uzi dhaifu, unaokatika hata ukipiga chafya.

"Jumapili akinyanyua mikono kuongoza wimbo, kanisa zima litaona alichovaa ndani," akaniambia. "Nami nitakaa kiti cha mbele."

"Hiyo ni dhambi, mwenzangu."

"Basi niombee, mradi usiyashone hayo makwapa."

Sikwenda kumwonya Mama Kwaya. Mungu anisamehe, nami nilitaka kuona.

Jumapili Mama Kwaya akatoka mbele, lakini hakuwageukia waimbaji. Aligeukia kanisa, akasema yote: pasi, jalala, uongo. Akamtaja na marehemu mama wa Fundi. Hakujitetea hata kidogo. Mchungaji akainamisha kichwa, maana ndiye aliyeisoma ile adhabu. Kisha Mama Kwaya akajifuta macho, akasema, "Tuimbe," na mikono ikaanza kupanda.

Fundi akasimama. "Mama Kwaya, shusha mikono."

Mikono ikakomea kifuani.

"Joho hilo nimelishikiza tu. Nilitaka likuvue mbele za watu, kama ulivyonivua mimi. Na hilo ni kosa langu, nalisema hapa hapa."

Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. Nyuma mtu akaanza kucheka, mkewe akamfinya.

Fundi akachomoa sindano yenye uzi aliyoichomeka kwenye ukosi wa blauzi, haimtoki hata siku ya ibada. Akamwendea.

"Umenisamehe, dada?" Mama Kwaya akauliza.

"Naanza. Mama yangu hakuyasikia haya." Akamwinua mkono. "Usitikisike, hasira bado ninayo."

Kwapa la pili alilishona polepole sana, kanisa zima likingoja, na Mama Kwaya hakusogea.