Señorita Mwenye Wajukuu

Kilichonitoa Dar es Salaam ni simu ya dada yangu Rehema. Hoteli ndogo anayofanyia usafi huko Dubai ilikuwa inasubiri kundi la akina mama kutoka Kolombia, na meneja alimwahidi kwamba akiwapokea vizuri atahamia mapokezi. Mimi nilisoma Kihispania chuo kikuu. "Njoo unifundishe salamu," aliniambia, "nikivuruga narudi kwenye mafagio." Viza ilipotoka niliruka kama mtoto.

Huko Dubai, mtaa wa Satwa, katika chumba anacholala na wasichana wa Kiganda, darasa lilifanyika juu ya kitanda.

"Aliyeolewa ni señora. Ambaye hajaolewa ni señorita."

"Nitajuaje? Nimkague vidole?"

"Ukiona mtu mzima, sema señora, yaishe." Nikaongeza ambayo hakuniuliza: mwanamume ni señor tu, ana mke hana mke. Kwa nini mwanamke atangaziwe ndoa kila akisalimiwa? Señorita lifutwe kabisa!

"Lifute wewe, bibie msomi. Mimi nataka mapokezi."

Asubuhi tulipanda metro kwenda Deira, iliko hoteli. Treni haina dereva! Nilisimama mbele kabisa, pua kwenye kioo, minara ikitujia, nikimsumbua Rehema kwa maswali: umeme ukikatika je? Nani anafunga breki?

"Yalla, shuka, tumefika."

Hotelini, basi liliwashusha wanawake wenye mvi na kofia pana, wakicheka kwa sauti. Rehema alimwendea wa kwanza, mrefu, mwenye mkongojo.

"Bienvenida, señora," akamkaribisha.

Yule mama akasimama. "Señorita, binti yangu."

Rehema akajisahihisha. "Bienvenida, señorita."

Meneja alisikia, akaja mbio. "Rehema! Bibi mzima unamwita msichana? Unamdhihaki mgeni wangu? Khalas, basi, panda juu ukatandike vitanda!"

Dada akaanza kuvua beji. Sikuvumilia. Nikamuuliza mgeni kwa Kihispania kwa nini alilitaka jina lile.

Hakunijibu mimi. Alimgeukia meneja, kwa Kiingereza cha polepole. "Bwana, nina mume na wajukuu. Lakini nimefundisha watoto kusoma maisha yangu yote, na shuleni kwetu mwalimu wa kike ni señorita mpaka anazikwa. Hawa wote unaowaona ni walimu. Binti huyu amenisikiliza. Wewe ndiye unanivua cheo."

Meneja alishusha macho. "Karibu sana... señorita."

Kundi zima likampigia makofi kama mtoto aliyepatia hesabu. Akacheka mwenyewe, kisha akamsogezea Rehema kiti cha mapokezi.

Dada alinikonyeza. "Na wewe ulitaka kulifuta!"

Swali langu kuhusu señor bado halijapata jibu, wala sijaliacha. Ila nimejifunza kumuuliza mwenye jina kabla sijamtetea. Niliporudi Dar, dirishani pa uhamiaji alikaa mwanamke wa rika la mama yangu.

"Shikamoo. Nikuite nani?"

Aligonga muhuri bila kuinua uso. "Afande. Haya pita, unachelewesha foleni."

Nikapita, nimefurahi kweli.