Sakafu ya Bi Salma

Aibu niliyoipata kwa Bi Salma sijaipata tena popote, lakini nikianzia hapo hamtanielewa, kwa hiyo nianze na bibi yangu wa Makunduchi, mzaa mama, aliyekuwa na magoti mabovu, na kila kipupwe tukimpashia jiwe motoni, tukilifunga kwa khanga kuukuu, naye akilikumbatia kwa miguu huku akitutukana kwa raha (jiwe hilo siku moja lilimwangukia mjomba, lakini hiyo hadithi nyingine). Nataka kusema tu kwamba magoti ya mtu mzima hayataki utani na baridi, na Dubai baridi ipo, msicheke, mwezi wa kwanza marumaru yanauma.

Basi Bi Salma naye magoti yalimsumbua. Ni mtu wa kwetu Unguja, wazazi wake walihamia Dubai zamani. Mwanawe alisoma Ulaya, huko akaona nyumba zenye mabomba ya maji moto chini ya sakafu, akamtilia mama yake kwenye sebule ya wageni. Kila mwaka kabla ya baridi mtu wa kampuni huja kuiamsha mashine ya kupasha maji hayo. Mwaka ule (walikuwa wanajenga njia ya treni, mji mzima vumbi) nikamwambia asiite mtu, bomba ni bomba, nitaiamsha mimi. Kazi yangu kule Al Quoz, mtaa wa viwanda, ilikuwa mabomba, ingawa shule niliiachia darasa la tatu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemposa mdogo wake, Zuhura, mjane, na mimi mke wangu alishatangulia, na Ijumaa ile baada ya sala ami yao, Ami Seif, alikuwa anakuja na wazee wenzake kula na kunitazama kama nafaa.

"Usiniaibishe," Bi Salma aliniambia asubuhi. "Ami Seif akisema hapana, mimi sina la kuongeza."

"Bi Salma, akikaa pale joto litampanda mpaka atasema ndiyo mwenyewe."

Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu huu.

Nikajaza maji, nikatoa upepo mabombani, nikawasha, nikazungusha swichi nusu. Nikagusa sakafu, baridi. Nikagusa bomba, la moto, na hapa aliyeishi Dubai atanielewa: tangi liko juu ya paa, jua linalipika, wakati wa joto bomba la baridi ndilo linalokuunguza, na ukitaka kuoga maji baridi unazima hita halafu unafungua bomba la moto. Kwa hiyo bomba kuwa la moto mchana, kwangu si habari. Nikasema hilo ni jua. Nikazungusha mpaka mwisho. Kumbe mashine ilikuwa inafanya kazi zamani, ila chini ya marumaru pana zege nene, nalo hunywa joto polepole, na likishashiba halisikii la mtu.

Wazee wakaja, viatu mlangoni, wakakaa chini kwenye zulia kuzunguka sinia la biriani, eisi inapuliza ubaridi vichwani kama kawaida. Mwanzoni Ami Seif alisifu, "Hapa chini pana joto zuri," na Bi Salma akanikonyeza kutoka mlango wa jikoni. Baadaye mzee mmoja akahamia paja la kushoto. Mwengine akachuchumaa, akasingizia mgongo. Hakuna aliyelalamika, maana kwetu mgeni haiaibishi nyumba akiwa na tonge mkononi, na mimi kwenda kuzima siwezi, mposaji hainuki kwenye sinia kabla ya wakubwa. Nikala huku naiva.

Ami Seif ndiye aliyeinuka kwanza, kwenda kunawa. Kanzu yake nyeupe, pale pa kukalia, imelowa chapachapa. Mzee akajishika nyuma, akautazama mkono, uso ukamshuka, maana alikuwa na sukari, na kibofu kilishawahi kumsaliti msibani mbele ya watu.

"Nileteeni shuka," akasema taratibu. "Nirudisheni nyumbani."

Zuhura alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Nikaona nikinyamaza pengine mke nimempata, ila mzee huyu hatatoka tena mbele za watu.

"Ami, si wewe. Ni jasho. Sakafu nimeipandisha moto mimi."

Akanitazama. "Simama tukuone."

Nikasimama, nikageuka. Kanzu yangu ililowa kuliko yake. Wazee nao wakainuka mmoja mmoja, wote vilevile, na yule wa mgongo akasema, "Alhamdulillahi, nilidhani ni peke yangu."

"Nimekuja kutazama mwanamume," akasema Ami Seif, "nikatiwa chunguni."

Wakacheka. Zuhura akageuka akaingia ndani, mabega yanamtikisika, sikujua anacheka au analia.

"Kazime mashine yako," Bi Salma akaniambia. "Yalla, upesi."

Tangu siku hiyo mashine nisiyoijua siigusi, hata ya kusaga nazi. Lakini siku yenyewe nilikwenda uani nikazima, nikamsikia Ami Seif ndani anakohoa kama mtu anayetaka kutoa neno, halafu akaniita jina. Viatu vyangu vilikuwa mlango wa mbele. Pale kwenye mashine pana mlango mdogo wa kutokea nje. Nikaufungua, nikaenda peku mpaka barabara kubwa, nikasimamisha teksi, na nyumba ile sikurudi tena, wala jibu la posa yangu mpaka leo silijui, maana sikukaa kulisikia.