Kikapu Nilichowashia Jiko

Kuna watu hapa Shirere nikiwaona mbele natafuta kichochoro, na wote ni wazazi wa Gredi ya Tatu. Sina wa kulaumu. Wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine (wataongeza chumvi, na kwa kweli mkasa wenyewe hauhitaji chumvi).

Wiki hiyo mke wangu alikuwa Shianda akimuuguza mamake, nikaachiwa nyumba na binti yetu Nafula, wa miaka minane. Darasani walikuwa na wiki ya ususi: Jumatatu walichambua kamba za migomba, Jumanne wakasuka kitako, na kila jioni Nafula ananieleza habari za kikapu chake mpaka ugali unapoa, nami naitikia "mm" macho yakiwa kwenye simu. Ijumaa wazazi tulialikwa kuona kazi. Sasa, mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa wazazi wa darasa hilo, na Jumatatu hiyo hiyo nilikuwa nimewaandikia wenzangu kwenye kundi la WhatsApp kwamba tuache kuwafanyia watoto kazi za shule, tunawaharibu!

Alhamisi akaja nacho nyumbani amalizie mkono. Jamani! Kimeegemea upande, mdomo umepinda, kamba zimechomoza kila mahali. Nikamsifu, lakini moyoni nikaona haya: mtoto wa mwenyekiti, na hiki? Ijumaa asubuhi nikamwambia atangulie shule, kikapu nitakileta mwenyewe kisije kikavunjika njiani, kisha nikapita sokoni nikanunua kingine kidogo, kimesukwa kikasukika, wala sikumtazama muuzaji usoni. Nikarudi nyumbani nichemshe chai, makaa yakakataa kushika, na kile cha Nafula kiko pale, kikavu. Basi.

Darasani mwalimu alikiinua juu kile cha sokoni. "Hebu tazameni mkono wa Nafula!" Wazazi wakapiga makofi, nami (Mungu anisamehe) nikainamisha kichwa kama mtu anayepokea pongezi, wakati Nafula ametulia kwenye dawati lake, anakiangalia kile kikapu tu.

Ndipo nyanya mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake akasimama kule nyuma, uso umejaa furaha.

"Mwalimu, hiyo ni mkono yangu! Mimi hufunganga hivyo hapo chini. Huyu baba ndiye alininunulia asubuhi, wa kwanza kabisa. Asante sana, baba!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Baba mmoja akatoa simu akausoma ujumbe wangu wa Jumatatu kwa sauti, wote, hakuacha neno, na mimi jasho linanitoka mpaka kwenye soksi, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwalimu hakucheka. "Nafula, chako kiko wapi?"

"Ni baba anajua."

Ningeweza kudanganya. Ulimi ulikataa, nikasema, "Niliwashia jiko," na kicheko kikakatika hapo hapo.

Nafula hakulia, na afadhali angelia. Aligeuka akaniuliza, mbele ya wote, "Ilikuwa ya mama, ya kuweka mayai. Kwani ilikuwa mbaya, baba?"

Na jana yake nilikuwa nimemwambia ni kizuri.

Uenyekiti niliuacha jioni hiyo, na hilo halikuniuma hata kidogo. Nimeapa sitagusa tena kazi ya mtoto, hata ije imepinda kama nini, na nimemwomba Nafula msamaha mara tatu, naye kila mara husema ni sawa. Jumatatu iliyofuata akaanza kingine. Siku zikapita bila mimi kukiona, nikamuuliza mbona haji nacho nyumbani nikakitazama.

"Kiko kwa mwalimu," akaniambia kwa upole. "Nimemwomba akifungie kabatini mpaka mama arudi."